Habari Nayo ni Kinga

 

Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwishoni mwa Aprili, takwimu zikakoma kutolewa, na kimya hicho kikaendelea kwa zaidi ya mwaka. Ifakara tunayo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na Taasisi ya Afya. Lakini mkulima aliyehamia dunguni kulinda mpunga wake angejuaje hatari imefika wapi? Palipokosekana habari, uvumi ulitawala. Januari 2021 maaskofu wetu walituonya waziwazi tujikinge. Chanjo ilizinduliwa Julai 28 mwaka huohuo.

Ibara ya 18 ya Katiba humpa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Nao Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kufanyika kila miezi mitatu. Viongozi wa jumuiya, nawasihi msiukose. Ulizeni juu ya dawa za zahanati, maji ya kunawia, na msaada kwa wasiojiweza. Majibu yasomeni jumuiyani, hata mgonjwa asiyetoka nyumbani apelekewe.

Kumficha mtu hatari si kumtuliza. Ni kumwacha peke yake.