POLISI NA WATOTO WAKATI WA VAKANSI



Mwaka 1914, mkuu wa polisi wa New York, Arthur Woods, aliamuru barabara kadhaa zifungwe, magari yasipite, watoto wapate pa kuchezea. Sikieni vema: polisi wenyewe!

Kwetu, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto asiyetimiza miaka 14 hahesabiwi hatia ya jinai. Lakini vakansi moja nilimkuta wa miaka 12 ndani ya kasho, pamoja na wakubwa. Kosa? Kuzurura sokoni. Nilipomsimulia mama yake habari za New York, akaniuliza: «Nimpeleke acheze na hao hao?» Sikumjibu upesi.

Wewe komanda, anza wewe. Acha bunduki posteni, uje uwanjani na filimbi, wazazi wakiona.