Merikebu ya Bounty: Sinema na Ukweli Wake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka)



Katibu wa Chama chetu ameniomba nizungumze juu ya sinema iliyoonyeshwa jana bwaloni, ile ya uasi katika merikebu ya Bounty. Nimesomesha historia kwa miaka mingi, na nadhani ndiyo sababu zamu imeniangukia mimi. Sitawachosha.

Sinema hiyo ilitengenezwa Hollywood na kampuni ya MGM mwaka 1935, ikiongozwa na Frank Lloyd. Charles Laughton ndiye Nahodha Bligh, Clark Gable ndiye Fletcher Christian, na Franchot Tone ndiye kijana Byam. Ilipata tuzo ya Oscar ya sinema bora. Waigizaji hao watatu waligombea kwa pamoja tuzo ya mwigizaji bora, wakaikosa wote. Hadithi yake ilitokana na riwaya ya Nordhoff na Hall iliyotolewa mwaka 1932. Neno hilo "riwaya" tulishike vizuri, maana jana usiku nilisikia vijana wakiapa kwamba mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Hayakuwa hivyo hivyo. Mliona baharia akichapwa viboko hali amekwisha kufa, na mwingine akipitishwa kwa kamba chini ya merikebu mpaka akafa. Katika Bounty hayo hayakutokea. Bligh alichapa watu, ndiyo, lakini si kuwazidi manahodha wengi wa zama zake. Ubaya wake ulikuwa ulimini. Siku moja kabla ya uasi aliona nazi zake zimepungua, akawakusanya maofisa na kuwaita wezi, Christian akiwemo, mbele ya mabaharia wa chini. Alfajiri ya tarehe 28 Aprili, 1789, Christian alimtoa kitandani amefungwa mikono. Jeraha la fimbo hupona. Aibu ya hadharani hailali.

Bligh na watu 18 walitiwa katika mashua yenye urefu wa futi 23. Walikuwa na chakula cha siku chache, na hawakuwa na ramani. Nahodha huyo alitengeneza mizani kwa vifuu viwili vya nazi, akapima mkate kwa uzito wa risasi moja ya bastola, kila mtu sawa na mwenzake, yeye mwenyewe akiwemo. Wakasafiri zaidi ya maili 3,600 za baharini hadi Timor. Mmoja aliuawa na wenyeji katika kisiwa cha Tofua mwanzoni mwa safari. Wengine wote walifika hai. Mtu aliyeshindwa kuongoza watu 45 katika merikebu yenye shibe aliweza kuwaongoza 18 wenye njaa. Wenzangu mliowahi kushika madaraka, lifikirini jambo hilo.

Sasa niseme yale ambayo sinema imeyapitia juu juu. Bounty ilikwenda Tahiti kufanya nini? Ilikwenda kuchukua miche ya shelisheli. Ninyi mnaotoka pwani mnalijua tunda hilo. Mmelila limechemshwa na limekaangwa. Wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa wao, na watumwa hao walikuwa Waafrika. Miche 1,015 ilipakiwa. Baada ya uasi ikatupwa baharini. Bligh akarudi tena na merikebu Providence, na mwaka 1793 akaifikisha St Vincent na Jamaica. Basi katika kisa kile chote cha nani mwonevu na nani mwonewa, wapo watu maelfu waliokuwa wakionewa kuliko wote, na hakuna aliyeasi kwa ajili yao.

Tuje kwenye kesi. Sinema inamwonyesha Bligh akiongoza merikebu Pandora kuwasaka waasi, kisha akitoa ushahidi mahakamani. Pandora iliongozwa na Edward Edwards. Ilipopasuka kwenye miamba ya Australia mwaka 1791, wafungwa 4 walizama. Kesi iliposikilizwa mwaka 1792, Bligh alikuwa mbali, katika safari yake ya pili ya shelisheli. Walishtakiwa 10. Wanne waliachiwa, kwa kuwa ilionekana walizuiwa merikebuni bila kupenda. Sita walihukumiwa kunyongwa. Peter Heywood, ambaye Byam wa sinema ametokana naye, alikuwa na jamaa wenye vyeo waliompigania; akasamehewa na Mfalme, pamoja na James Morrison. William Muspratt alikuwa na mwanasheria. Akaokoka kwa hoja ya sheria. Waliobaki ni Ellison, Burkitt na Millward, mabaharia wa kawaida. Hao watatu ndio walionyongwa. Sinema inamalizia kwa Byam kusamehewa na kurudi kazini, nasi tunatoka bwaloni tumefurahi.

Na Christian? Sinema inamwacha Pitcairn, merikebu ikiwaka moto, kama shujaa aliyepata uhuru wake. Alifika huko Januari 1790 na waasi wenzake 8, wanaume 6 wa visiwa vile, na wanawake wa Tahiti. Kisha wale 9 wakagawana ardhi wao kwa wao. Wanaume wa visiwani hawakupata kitu, wakafanywa watumishi. Mwaka 1793 wakainuka, wakamwua Christian na wenzake 4, na baada ya hapo wao pia wakauawa wote. Merikebu ya Kimarekani iitwayo Topaz ilipofika mwaka 1808, ilimkuta mwasi mmoja tu aliye hai, John Adams, pamoja na wanawake na watoto. Wazao wao wapo kisiwani hadi leo.

Vijana, hapa ndipo ninapotaka kuwaacha. Watu wale walimkataa bwana mmoja kwa kuwa aliwadhalilisha. Haukupita mwaka, wakawa mabwana wa wengine. Jambo hilo halihitaji bahari. Ninaijua shule moja, siitaji jina, ambako kijana wa Kidato cha Kwanza alifuliwa maji usiku, akachotesha ndoo za watu wasiomhusu, akala kofi kwa kuchelewa. Alilia, akaapa. Alipofika Kidato cha Nne, yeye ndiye aliyekuwa akiwaamsha njuka usiku. Ukimwuliza sababu, anajibu, "Hata sisi tulifanyiwa."

Januari wageni watafika hapa na matranka yao. Viranja, ninyi ndio mnaoshika mizani ile ya vifuu vya nazi. Ikiwa kweli mlichukizwa na Bligh jana usiku, kama makelele yenu yalivyoonyesha, basi tutajua kwa jinsi mtakavyowapokea wale watoto, wala si kwa makofi mliyompigia Clark Gable.