Daftari la Wazi na Siri ya Mwenye Akiba



Katika mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, yupo mama mmoja muuza dagaa ambaye mwaka jana alijitoa katika kikundi chake cha kuweka na kukopa. Hakuibiwa hata senti. Mweka hazina alikuwa mwaminifu, na sanduku lilikuwa na kufuli tatu, kila ufunguo ukiwa na mwanachama wake. Kilichomtoa ni daftari. Kila mkutano hisa za wanachama husomwa kwa sauti, na habari za akiba yake zikawafikia shemeji zake. Wakaja na shida zao, mmoja baada ya mwingine, mpaka ada ya shule ya mtoto ikayeyuka. Sasa fedha zake anazificha ndani ya kopo, na kopo halimkopeshi mtu.

Nimemkumbuka wiki hii baada ya kuwasikia vijana wa kompyuta hapa mjini wakizungumzia kuhamishia madaftari ya vikundi kwenye blokicheni. Neno ni geni, lakini jambo lenyewe si gumu. Ni daftari moja ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Kila ukurasa hufungwa kwa hesabu na ukurasa uliotangulia, hivyo anayefuta deni lake katika nakala moja huumbuliwa na nakala nyingine. Sarafu ya Bitcoin imeendeshwa hivyo tangu Januari 2009.

Kwa mweka hazina mwizi, hiyo ni dawa. Kwa mama wa Kirumba, ni ugonjwa ule ule uliozidishwa, maana daftari la Bitcoin husomwa na yeyote duniani. Wapo watakaosema humo hamna majina, mna namba tu. Ni kweli, lakini hata mitumbwi yetu ina namba ubavuni. Ukionekana ukishuka mara moja tu, mwalo mzima unajua namba ile ni ya nani, na safari zako zote za nyuma zinajulikana.

Je, tuchague kati ya wizi na kuanikwa? La hasha. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff, walionyesha kuwa mtu anaweza kuthibitisha jambo bila kulifichua.

Chukua mfano huu. Mimi sioni rangi, na nimeshika kanga mbili ambazo wewe unasema zina rangi tofauti. Nakuonyesha moja, nazificha zote mgongoni, kisha natoa ile ile au nyingine. Wewe uniambie kama nimebadili. Ukipatia mara moja, huenda umebahatisha. Ukipatia mara 20 mfululizo, uwezekano wa kubahatisha haufiki hata mmoja katika milioni. Basi nimeamini rangi ni tofauti, na bado sijui ipi ni nyekundu.

Ndivyo mama yetu angeweza kukithibitishia kikundi kwamba hisa zake zinatosha mkopo anaoomba, bila kutaja ni ngapi. Si ndoto. Tangu mwaka 2016 sarafu iitwayo Zcash inatumia hesabu za aina hii: kwa anayetaka, daftari huthibitisha kuwa malipo ni halali huku mtumaji, mpokeaji na kiasi vikiwa vimefichwa.

Jambo hili linagusa pia sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Sasa utafuta nini katika daftari lisilofutika? Jirani zetu wa Kenya wameliona tatizo hilo. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho ili wapewe sarafu ya Worldcoin. Serikali ikasimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Mwenye busara haandiki siri ya mtu katika jiwe. Anaandika uthibitisho tu.

Hata hivyo, pazia linalomficha mama mwenye akiba laweza pia kumficha mla rushwa. Kwa hiyo wanachama wakubaliane mapema ni nani anaweza kufungua, kwa sababu gani, na kwa idhini ya nani. Sanduku la kufuli tatu limekwisha kutufundisha hivyo: asiwepo anayefungua peke yake.

Basi kijana akija na programu yake kikundini kwenu, msimuulize kwanza inang'aa namna gani. Muulizeni: kipi kinaandikwa wazi? Funguo anazo nani? Ufunguo ukipotea, akiba yetu inakuwaje? Akibabaika, mkae na daftari lenu la karatasi. Lakini hata hilo, si lazima lisomwe kwa sauti.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.