Kibanda cha Jana

Mwaka 2006 nilikuwa Lushoto, katika ofisi moja iliyowalipa wakulima wa kabichi na karoti. Kompyuta ilimkokotolea mkulima wa kwanza malipo yake sawasawa. Ilipofika zamu ya wa pili ikagoma: jedwali halipo! Wazee waliofika na mizigo tangu alfajiri wakaanza kumtazama karani kwa jicho la shuku. Umeme nao ukasingiziwa, kama kawaida yetu.

Karani hakuwa na kosa. Kanzidata ilikuwa PostgreSQL, na programu ndogo ndani yake ilitengeneza jedwali la muda, ikapanga hesabu humo, kisha ikalifuta. Chukueni mfano wa kibanda cha gulioni Soni, kinachojengwa asubuhi na kubomolewa jioni. Mchukuzi hakukariri jina la kibanda, amekariri nguzo yake. Gulio lijalo jina ni lile lile, nguzo ni nyingine, naye anaapa kuwa kibanda hakipo. Matoleo ya zamani yalifanya hivyo hivyo: yalikariri namba ya ndani ya jedwali lililokwisha kufutwa.

Kufunga mawasiliano na kanzidata na kuyafungua upya kulimfaa mkulima mmoja tu. Dawa ilikuwa amri ya EXECUTE, katika kila mstari unaogusa jedwali lile, ili mashine ilitafute upya kwa jina. Toleo 8.3, la mwaka 2008, liliondoa udhia huo.

Siku ile wazee walilipwa jioni. Karani hakuna aliyemwomba radhi.