JE, ADA YA KLABU YA GHALA YARUDISHA FEDHA YAKE?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa reli mbele ya mkutano wa tawi, na kupigwa chapa kwa ombi la wanachama)



Mnajua kuna shauri mbele yetu. Wenzetu wamesema kila mwanachama atoe ada ya Shs. 1,200 kwa mwaka, tukodi chumba, tununue unga, sukari, mafuta na sabuni kwa bei ya jumla, na mwenye kadi tu ndiye auziwe. Wengine wamefurahi sana, na wengine wamenung'unika kwamba makato yamezidi. Mimi sikusimama kusifu wala kupinga. Nimesimama kufanya hesabu, kwani shilingi 1,200 ni fedha ya jasho, na haifai kutolewa kwa sababu ya makofi.

Kwanza, jambo hili lilitoka wapi? Duka la namna hii, ambalo mtu hulipia kadi kabla ya kuruhusiwa kununua, limeenea sana huko Marekani. Mtu mmoja jina lake Sol Price alianza mwaka 1954 katika mji wa San Diego na duka lililoitwa FedMart. Mwaka 1976 yeye na mwanawe walifungua Price Club ndani ya jengo la zamani la ndege. Hapakuwa na mapambo. Mali ilipangwa juu ya mbao vile vile ilivyoshuka kwenye lori. Ada ilikuwa dola 25 kwa mwaka, na waliokusudiwa kwanza walikuwa wenye maduka madogo.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana fundisho kwetu. Baadaye waliwafungulia mlango watu wa vyama vya akiba na mikopo na watumishi wa serikali. Hao hawakutozwa ada, lakini waliongezwa 5 kwa kila 100 juu ya bei iliyoandikwa. Basi mtu alikuwa na njia mbili: alipe dola 25 mara moja, au alipe nyongeza ndogo kila anaponunua. Ipi bora? Gawanyeni 25 kwa 5 katika mia, mtapata dola 500. Anayenunua vitu vya chini ya dola 500 kwa mwaka, ada ingemtia hasara. Anayenunua zaidi ya hapo, ada yamfaa. Hesabu nzima ya jambo hili ni hiyo. Kila ada ina mpaka wake, na kazi ya mtu ni kujua yeye yuko upande gani wa mpaka.

Klabu kubwa kuliko zote leo yaitwa Costco. Ilianza mjini Seattle mwaka 1983, na mwaka 1993 ikaungana na Price Club. Tangu Septemba 1, 2024, ada yake ya kawaida huko Marekani iliwekwa dola 65, na kadi ya juu dola 130. Kadi ya juu humrudishia mtu 2 kwa kila 100 aliyotumia, basi zile dola 65 za ziada hazirudi mpaka anunue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka. Wengine wenu mna watoto na ndugu huko. Wakiwauliza, wapeni hesabu hiyo.

Tena mjue fedha ya ada inakwenda wapi. Katika mwaka wake wa hesabu wa 2024, Costco ilipokea karibu dola bilioni 4.8 za ada peke yake, na faida yake yote baada ya kodi ilikuwa karibu dola bilioni 7.4. Maana yake ni kwamba bei ya mali huwekwa chini kabisa, na sehemu kubwa ya faida hutoka katika kadi. Huo si wizi, ndio mpango wao, na hawaufichi. Lakini mtu alipaye kadi kisha asinunue huwa anawalipia wenzake wanaonunua.

Sasa turudi kwetu. Waliotoa shauri wasema tutaokoa kama shilingi 6 kwa kila 100. Haya, tuseme ni kweli. Shs. 1,200 ukigawanya kwa 6 katika mia, wapata Shs. 20,000 kwa mwaka, yaani karibu Shs. 1,667 kwa mwezi. Huo ndio mpaka wa kwanza. Kijana anayekaa peke yake, anayekula kibandani na kununua vitu vya shilingi 1,000 tu kwa mwezi, ataokoa Shs. 720 kwa mwaka na kutoa Shs. 1,200. Atapoteza Shs. 480, hata kabla ya nauli.

Mwenye jamaa ya watu sita, anayenunua vitu vya Shs. 5,000 kwa mwezi, ataokoa Shs. 3,600. Akitoa ada, zabaki Shs. 2,400. Hapo watu hupiga vigelegele. Ngojeni kidogo. Mzigo huo hautembei wenyewe. Tuseme matatu na mkokoteni ni Shs. 150 kila mwezi, basi kwa mwaka ni Shs. 1,800. Zimebaki Shs. 600. Mpaka si Shs. 1,667 tena, umekuwa karibu Shs. 4,167 kwa mwezi. Sisi watu wa reli twalijua hili kuliko wengine. Behewa likienda nusu tupu, mafuta ya injini hayapungui nusu. Basi majirani wawili wakichukua mkokoteni mmoja, kila mmoja hulipa Shs. 900 kwa mwaka, na faida yake yawa Shs. 1,500. Watu wa laini moja ya nyumba wakipatana siku moja ya kununua, faida huongezeka.

Jambo la pili ni bei yenyewe. Msidanganywe na neno jumla. Bela ya unga ina pakiti 12 za kilo mbili. Ikiuzwa Shs. 1,740, kila pakiti ni Shs. 145. Kama dukani kwenu pakiti ni Shs. 155, umeokoa shilingi 10. Lakini kama mwenye duka ameshusha bei mwisho wa mwezi, pengine huokoi kitu. Na sabuni vile vile. Mche wa gramu 800 kwa Shs. 168 waonekana rahisi kuliko mche wa kilo moja kwa Shs. 200. Pigeni hesabu kwa kilo, mtaona ule wa kwanza ni Shs. 210. Macho hayatoshi. Chukueni kalamu.

Jambo la tatu ni namna ya kulipa. Mwenye duka wa mtaani huandika katika kitabu na kungoja mwisho wa mwezi. Twamlalamikia bei yake, lakini ndani ya bei ile mna ule mkopo. Ghala hutaka fedha taslimu. Asiye na Shs. 5,000 siku moja, kadi haitamsaidia. Na akikimbilia mkopo wa simu, hesabu yaharibika: tuseme atozwa 8 kwa 100 kwa mwezi, atalipa Shs. 400 ili aokoe Shs. 300. Heri aendelee kununua pakiti moja moja. Njia nzuri ni kuweka akiba kidogo kidogo miezi miwili mitatu kwanza, kisha aanze na kitu kimoja, kama sukari au sabuni, kisichoharibika upesi.

Jambo la nne ni nyumba zetu. Wengi wetu twakaa chumba kimoja. Bela mbili zitalala wapi? Sakafuni penye unyevu, na panya? Msichukulie jambo hili kuwa dogo. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya kuvu iliyoingia katika mahindi yaliyowekwa na unyevu. Mali ya nafaka yataka mahali pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Na bela moja tu ikiharibika, Shs. 1,740 zimekwenda, na ile faida ya Shs. 600 ya mwaka mzima imekwisha, na juu yake deni.

Tena kuna jambo ambalo mama wa nyumbani walijua kuliko sisi. Sukari ikiwa nusu kilo, kila mtu hupima kijiko. Ikiwa gunia, mkono huwa mwepesi. Mkinunua rahisi kisha mkatumia zaidi, hamkuokoa. Kwa hiyo hesabu ya akiba ifanywe kwa vitu ambavyo mngenunua hata kama kadi haingekuwapo. Kitu ulichokinunua kwa sababu ulikikuta ghalani, hicho usikiandike kuwa faida.

Jambo la tano latuhusu sisi wa reli hasa. Mtu hupewa uhamisho. Leo yuko Nairobi, baada ya miezi mitatu yuko Voi. Ada yake ya mwaka itakuwaje? Costco, ingawa ni kampuni ya kutafuta faida, humrudishia ada yake mtu asiyeridhika. Sisi tutashindwaje?

Hapa nataka kuwakumbusha watu wa Rochdale, Uingereza. Walikuwa wafanyi kazi kama sisi, wengine wao wafuma nguo, watu 28. Kila mmoja aliweka pauni moja, na Desemba 21, 1844 wakafungua duka dogo lenye siagi, sukari, unga na mishumaa. Walikataa kuuza kwa deni. Lakini fedha yao haikuwa ada ya kupotea. Ilikuwa hisa, mali ya mwenyewe. Faida waligawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, na kila mtu alikuwa na kura moja, awe na fedha nyingi au kidogo. Tazameni tofauti hiyo. Anayelipa ada kwa tajiri amenunua ruhusa ya kuingia. Anayeweka hisa katika ushirika ana sehemu yake ndani ya duka, na ana haki ya kuuliza hesabu.

Basi nawaomba tusipige kura ya shauri hili leo. Shauri langu ni hili:

1. Kila mwanachama, pamoja na mkewe au mumewe, aandike kwa mwezi mmoja vitu vyote walivyonunua vya nyumbani, uzito na bei.

2. Kamati iulize bei za jumla mahali patatu, izigawanye kwa kilo, na kuzibandika ubaoni.

3. Tuhesabu wangapi wapita Shs. 4,167 kwa mwezi, na wangapi waweza kushirikiana mkokoteni. Wakiwa wachache, kodi ya chumba itatushinda, na tuache mapema.

4. Wakitosha, fedha iwe hisa na siyo ada, na anayehamishwa arudishiwe. Duka liandikishwe kama chama cha ushirika, na hesabu zisomwe mbele ya wote.

5. Asilazimishwe mtu, wala asikatwe mshahara bila idhini yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na wako kati yetu ambao wamekaribia mpaka huo. Kijana ambaye jambo hili halimfai asiitwe msaliti. Ametumia hesabu tu.

Ndugu zangu, vyama vingi vya kununua pamoja havikufa kwa kukosa umoja. Vilikufa kwa sababu watu waliingia kwa furaha bila kujua mpaka wao, kisha walipoona hasara wakalaumu viongozi, na hata chama cha wafanyi kazi kikatiwa doa. Afadhali tuchelewe mwezi mmoja. Karani ana karatasi za kuandikia mezani pale, na hazina malipo. Kila mmoja achukue moja anapotoka, na mkutano ujao tuje na tarakimu zetu mkononi.