Ufunguo wa Kamera ya Kikundi Anao Nani?

 

Leo tuongee juu ya vyombo vya intaneti. Vikundi vingi siku hizi vimechanga pesa vikanunua kamera ya kulinda stoo, rauta ya waifai, pengine na televisheni ya intaneti. Fundi amefunga, picha inaonekana kwa simu ya katibu, kila mtu amefurahi. Sasa swali letu: ufunguo wa chombo hicho anao nani?

Kila chombo cha namna hii ni kompyuta ndogo. Vingi hutoka kiwandani na neno la siri jepesi, kama "admin" au "1234", na vyombo vingi vya aina moja hupewa neno hilo hilo. Ni kama kununua kufuli ambayo ufunguo wake kila mtu anao.

Tuwape mfano. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza programu hasidi iitwayo Mirai. Ilizunguka katika intaneti ikibisha hodi kwa kamera na rauta, ikijaribu orodha ya maneno ya kiwandani kama 60 hivi. Penye kukubali, iliingia. Ilifikia kushika vyombo kama 600,000 katika nchi nyingi, na wenyewe wengi hawakujua. Baadaye walioiunda waliitoa hadharani, wengine wakaichukua. Tarehe 21 Oktoba 2016 vyombo vilivyotekwa viliifurika kampuni ya Dyn, ambayo ilisaidia kompyuta kupata anwani za intaneti. Wamarekani wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Vijana wale walikiri makosa mahakamani mwaka 2017, lakini programu za ukoo wa Mirai zingali zinazunguka hadi leo.

Mtasema, hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Ndugu zetu, programu hiyo haiulizi chombo kiko nchi gani. Ikiingia kwenu, itakula bando mnalolipia. Tena anayejua neno la kamera yenu anaweza kumtazama mweka hazina akihesabu pesa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi tufanye nini?

Kwanza, badilisheni neno la siri siku ile ile fundi anapofunga chombo, kabla hajaenda. Liwe refu, la maneno manne au zaidi yasiyohusiana, wala lisiwe jina la kikundi. Na mkumbuke rauta ina maneno mawili: moja la kutumia waifai, lingine la kuingia ndani ya mipangilio yake. Wengi hubadilisha la kwanza, la pili wakalisahau, na hilo ndilo kubwa. Liandikeni karatasini, lifungiwe pamoja na sanduku la pesa.

Pili, chombo kikiomba kusasishwa programu yake, msikatae. Hapo kiwanda kinaziba matundu.

Tatu, kabla ya kununua, muulizeni mwenye duka: neno la siri linabadilika? Mwaka 2016 kulikuwa na kamera ambazo neno lake halingeweza kubadilishwa na mwenyewe. Kama halibadiliki, wacheni hata kama bei ni nzuri.

Nne, mkishuku chombo kimeingiliwa, fuateni utaratibu huu: kitoeni kwenye intaneti, kizimeni, kiwasheni, badilisheni neno, ndipo mkirudishe. Mirai hukaa katika kumbukumbu ya muda, kwa hiyo stima ikizimwa inafutika. Lakini mkikirudisha na neno lile la zamani, inaweza kuingia tena kwa dakika chache tu.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kihesabu vyombo vyake vya intaneti na kuuliza kwa kila kimoja: neno lake limebadilishwa? Jibu liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano, bali neno lenyewe lisiandikwe humo.