Ubao wa Mlango wa Chomboni

Mlango wa chumba cha chomboni, ukiwa ni wa fremu yenye ubao wa kati, aghalabu huanza kuoza upande wa chini, pale ncha za nyuzi za mti zinapokunywa maji, na kwa sababu hiyo fundi hodari, kabla hajashika patasi, huudunga kwa kisu ili ajue uozo umefika wapi.

Ufa mdogo hutosheka na gundi isiyoyeyuka majini. Lakini ubao uliolainika sharti utolewe wote, ukatwe mwingine wa msaji au mvule uliokauka barabara. Hapa ndipo wengi hukosea: kwa kuwa mti ukilowa hufura kwa upana, wala urefu wake haubadiliki ila kwa uchache mno, ubao huo usigandishwe kwa gundi wala kupigiliwa misumari, bali uachwe huru ndani ya mfuo wa fremu, wenye nafasi ya kutanuka, la sivyo utapasuka, au uipasue fremu yenyewe. Kabla ya kuutia mahali pake, upakeni vanishi kingo zote, nami nalisisitiza jambo hili kwa dhati, kwani zikisha kufichika hazifikiki tena. Skrubu za mlango nazo ziwe za shaba, maana chuma huliwa na chumvi.